Macho wazi, mpira kooni: ganzi inayolinda pumzi

Mgonjwa wa namna hii hakubali kulala. Amekaa ukingoni mwa kitanda cha idara ya dharura, viganja vimekita magotini, kidevu amekisogeza mbele. Mate yanamtiririka kwa kuwa hawezi kuyameza. Ulimi umevimba ukajaza kinywa, na kila avutapo pumzi unasikika mluzi mwembamba kutoka kooni. Akilazwa chali anapigana, na ndugu waliomleta hudhani amechanganyikiwa. La hasha. Mwili wake umebakiwa na mkao mmoja tu unaoruhusu hewa kupita, naye anaung'ang'ania kwa nguvu zake zote.

Chanzo chaweza kuwa kidonge cha shinikizo la damu alichokimeza kwa miaka bila tatizo. Chaweza kuwa gego lililooza, usaha ukashuka chini ya ulimi na kusambaa shingoni. Chaweza kuwa joto na moshi wa nyumba iliyoungua, uvimbe wa saratani ya koo, au taya lililosagika katika ajali ya bodaboda. Daktari wa zamu hana nafasi ya kuanza na chanzo. Anachotakiwa kuamua ndani ya dakika chache ni namna ya kupitisha mpira wa kupumulia kabla upenyo uliobaki haujaziba.

Makala haya yanahusu njia moja ya kulitatua hilo, njia ambayo kwa maoni yangu haijapewa nafasi inayostahili katika hospitali zetu: kumwacha mgonjwa macho, kulitia ganzi koo lake, kisha kumpitishia mpira huku akiendelea kupumua mwenyewe.

Njia iliyozoeleka ni nyingine. Mtu aliyeumia kichwa, aliyepoteza fahamu kwa malaria kali au aliyezidiwa na nimonia huchomwa dawa ya usingizi, na papo hapo dawa ya kulegeza misuli. Katika muda wa dakika moja hivi mwili mzima unalegea. Daktari anaingiza kinywani chuma kilichopinda chenye taa, anauinua ulimi, anaziona nyuzi za sauti, anapenyeza mpira katikati yake. Ni njia nzuri na ya haraka, na imeokoa watu wengi mno. Lakini ina sharti zito. Dawa ya kulegeza misuli ikishaingia, mgonjwa haendeshi tena pumzi yake. Kazi hiyo imehamia mikononi mwa daktari. Nyuzi za sauti zisipoonekana, tegemeo linalobaki ni kumsukumia hewa kwa barakoa na mfuko. Koo lililovimba linaweza kukataa vyote viwili: mpira haupiti, na hewa ya barakoa nayo haipiti. Hakuna hali ambayo wataalamu wa usingizi wanaiogopa kuliko hiyo, kwa sababu hapo kilichobaki ni kisu, kutoboa shingo kwa mbele, chini kidogo ya kikoromeo, na kuingiza mpira kupitia tundu hilo.

Muda wenyewe ni mchache. Mtu mzima mwenye afya njema, mapafu yake yakiwa yamejazwa oksijeni vizuri kabla, anaweza kukaa dakika kadhaa bila kupumua kabla kiwango cha oksijeni katika damu hakijaporomoka. Mtoto mdogo, mama mjamzito, mtu mnene sana au mgonjwa aliyekwisha kuchoka hana akiba hiyo. Oksijeni ikikatika kabisa, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu.

Mtu aliye macho ana ulinzi ambao hakuna mashine inayoweza kuuiga. Misuli ya ulimi, taya na koo lake hukaza muda wote bila yeye kujua, nayo huiweka njia wazi. Usingizi huilegeza hata kwa mtu mzima mwenye afya, ndiyo maana watu hukoroma usiku. Kwa mgonjwa aliyevimba koo, mkazo wa misuli hiyo ndio unaoshikilia upenyo wa milimita chache anaoutumia kuvuta hewa. Ukimlaza usingizi, unauachia.

Basi kwa nini wagonjwa wote wa aina hii wasipitishiwe mpira wakiwa macho? Kwa sababu koo hujilinda. Yeyote aliyewahi kubanwa ulimi na daktari kwa kijiti anajua jinsi mguso mdogo tu nyuma ya ulimi unavyoleta kichefuchefu. Mguso kwenye nyuzi za sauti ni mbaya zaidi: hujibana na kuzua kikohozi kikali. Ulinzi huu unategemea jozi tatu za neva zitokazo kichwani. Pua iko chini ya neva ya tano. Sehemu ya nyuma ya ulimi na kuta za koo ni milki ya neva ya tisa. Kuanzia kidakatonge kushuka hadi kwenye bomba la hewa, habari zote hupelekwa na matawi ya neva ya kumi. Neva husafirisha habari kwa umeme mdogo, na umeme huo huzaliwa pale chembe za sodiamu zinapoingia ndani ya neva kupitia vijilango vyake. Dawa ya ganzi huviziba vijilango hivyo. Mpira unaligusa koo, lakini habari ya mguso haifiki kwenye ubongo.

Kabla ganzi haijajulikana, wapo waliopitishiwa bomba wakiwa macho kwa ujasiri mtupu. Mwaka 1878, katika jiji la Glasgow, daktari wa upasuaji William Macewen alikuwa na mgonjwa mwenye saratani kwenye shina la ulimi. Desturi ya wakati huo ilikuwa kumtoboa shingo kwanza ili damu ya upasuaji isimwingie mapafuni. Macewen alikuwa amefanya mazoezi kwa maiti, akaona ipo njia nyingine. Aliingiza vidole kinywani mwa mgonjwa aliye na fahamu zake zote, akapapasa mpaka akakifikia kidakatonge, akaliongoza bomba la chuma chenye kunyumbulika hadi ndani ya njia ya hewa. Baada ya hapo ndipo klorofomu ikatolewa, kupitia bomba lile lile. Katika taarifa yake ya mwaka 1880 alieleza pia jinsi alivyomwekea bomba mgonjwa aliyevimba koo, likakaa zaidi ya siku nzima hadi uvimbe ukashuka. Ukiisoma habari hiyo leo, unamhurumia mgonjwa na kumstahi kwa wakati mmoja.

Dawa ambayo ingewapunguzia adha watu hao ilikuwa tayari ipo Ulaya. Albert Niemann wa Göttingen, Ujerumani, alikuwa ameichuja kokeini kutoka kwenye majani ya mkoka takriban miaka ishirini kabla, akaandika kwamba ukiionja inafisha ulimi. Jambo hilo halikupewa uzito mkubwa hadi mwaka 1884 katika jiji la Vienna. Sigmund Freud, wakati huo daktari kijana asiye na jina, alikuwa akiandika juu ya koka na athari zake mwilini. Rafiki yake Carl Koller, aliyetamani kuwa daktari wa macho, ndiye aliyeunganisha mambo. Aliidondoshea kokeini macho ya chura, kisha ya wanyama wengine, halafu macho yake mwenyewe, akaligusa jicho lake kwa kichwa cha pini asihisi kitu. Taarifa yake ilisomwa mbele ya mkutano wa madaktari wa macho mjini Heidelberg tarehe 15 Septemba 1884, nayo ilisomwa na daktari mwingine kwa sababu Koller hakuwa na nauli ya kufika huko.

Mwaka huo huo, Vienna hiyo hiyo, Edmund Jelinek aliipaka kokeini kooni. Ili kuona uzito wa hatua hiyo, kumbuka kwamba madaktari wa koo wa zama hizo walilazimika kuwazoesha wagonjwa kwa majuma kadhaa, wakiwagusa koo kidogo kidogo, ndipo waweze kuwafanyia hata upasuaji mdogo wa nyuzi za sauti. Ganzi ikaifanya kazi ya majuma kuwa ya dakika.

Kokeini haikuwa rafiki wa kudumu. Inafinya mishipa ya damu, inautikisa moyo, na uraibu wake unajulikana. Iliyoirithi ni dawa iliyotengenezwa Stockholm mwaka 1943 na Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, na Lundqvist aliijaribu kwenye mwili wake mwenyewe. Ilianza kuuzwa mwaka 1948. Jina lake ni lidokaini, na msomaji anaijua hata kama hajawahi kulisikia jina hilo: ndiyo dawa ambayo daktari wa meno huichoma kwenye fizi kabla ya kung'oa jino, na ndiyo anayoitumia muuguzi kabla ya kushona kidonda. Kwenye chupa nyingi za hospitali za Afrika Mashariki imeandikwa lignocaine. Ni kitu kile kile. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bei yake ni ndogo.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu aliyekaa ukingoni mwa kitanda. Daktari mwenye uzoefu huanza kwa kusema naye. Anamweleza kwamba hatalazwa chali, kwamba dawa ni chungu na itamfanya ahisi koo limenenepa, kwamba hisia hiyo ya kushindwa kumeza haimaanishi anakufa. Mtu anayekosa hewa yuko katika hofu kubwa kuliko zote. Ukimnyima maelezo, atakusukuma mkono. Wakati huo oksijeni inaingia kupitia puani bila kukatishwa, na inaendelea hivyo hadi mwisho.

Inayofuata ni kazi ambayo wengi huiruka: kukausha. Mate yakiwa mengi, dawa inaelea juu yake badala ya kuifikia nyama ya koo, halafu inamezwa. Muda ukiruhusu, mgonjwa huchomwa atropini au glikopironiamu ili mate yapungue, nazo huhitaji kama robo saa kufanya kazi vizuri. Muda usiporuhusu, ulimi unafutwa kwa shashi kavu na mate yanafyonzwa kwa mashine. Ganzi iliyopuliziwa juu ya mate ni kama rangi iliyopakwa juu ya ukuta wenye maji.

Ndipo dawa inapuliziwa kwa hatua. Kwanza ulimi. Baada ya muda mfupi, nyuma zaidi. Kisha pembeni mwa koo, kulia na kushoto, inakopita ile neva ya tisa. Mgonjwa anaambiwa avute pumzi ndefu ili ukungu wa dawa uteremke hadi kwenye nyuzi za sauti. Kikohozi kinachofuata ni habari njema, kwa sababu kinaonyesha dawa imefika pazuri na kinaisambaza. Kama ulimi umejaza kinywa, barabara inayobaki ni pua, nayo huwekewa matone ya kufinya mishipa ya damu ili isitoke damu, pamoja na jeli ya lidokaini inayotia ganzi na kulainisha kwa pamoja. Madaktari wengine huongeza sindano moja kupitia utando laini ulio chini ya kikoromeo, dawa ikaingia moja kwa moja kwenye bomba la hewa, ila shingo iliyovimba au yenye maambukizi haifai kuchomwa hivyo.

Halafu kusubiri. Nimesoma na kusikiliza mengi juu ya jambo hili, na kila mara nakutana na lalamiko lile lile la walimu wa fani: daktari ana haraka, anapulizia mara mbili, anaingiza chuma, mgonjwa anatapika, kisha inasemwa njia hii haifanyi kazi. Dakika mbili tatu za subira baada ya kila hatua ndizo zinazotofautisha ganzi ya kweli na ganzi ya jina. Kipimo ni rahisi. Mrija wa kufyonza mate unagusishwa nyuma ya koo; mgonjwa asiposhtuka, koo liko tayari.

Kifaa bora cha kuupitisha mpira ni kamera nyembamba inayonyumbulika, ambayo mpira huvalishwa juu yake. Wazo hilo lilianzia London mwaka 1967, pale Peter Murphy, daktari kijana wa usingizi, alipoazima darubini iliyotengenezwa kwa ajili ya mirija ya nyongo na kuitumia kuingiza mpira kupitia puani. Lakini kifaa hicho si lazima. Chuma cha kawaida chenye taa, au kile chenye kamera ndogo kwenye ncha, vinaweza kutumika kwa mtu aliye macho ikiwa ganzi imeshika barabara na mkono wa daktari ni mwepesi. Mpira unapenyezwa wakati mgonjwa anavuta pumzi, kwa sababu hapo nyuzi za sauti zinafunguka. Ukishaingia, sauti yake inakatika, na hewa inasikika ikipita ndani ya mpira. Uthibitisho hasa ni kipimo cha kabonidioksaidi katika hewa anayoitoa. Baada ya uthibitisho huo, na si kabla, ndipo anapewa dawa ya usingizi.

Upo pia mchanganyiko wa njia mbili unaozifaa idara za dharura. Koo linatiwa ganzi, mgonjwa anapewa ketamini kidogo inayomtuliza bila kumkatisha pumzi, kisha daktari anachungulia kwa chuma. Akiziona nyuzi za sauti vizuri, anaingiza mpira hapo hapo. Asipoziona, amejifunza jambo kubwa bila kumpokonya mgonjwa pumzi yake. Ketamini kidogo juu ya ganzi nzuri ni msaada mkubwa. Ketamini nyingi ya kufunika ganzi mbovu ni kurudi kwenye mtego ule ule.

Yote hayo yanachukua muda gani? Chumba cha upasuaji chenye utulivu kinaweza kutumia nusu saa. Idara ya dharura yenye maandalizi inaweza kumaliza katika dakika kumi hivi. Na hapa ndipo ukweli mchungu unapokuja: wapo wagonjwa wasio na dakika hizo. Aliyeanza kupoteza fahamu, anayegeuka buluu midomoni, anayetapika damu mfululizo, huyo hafai kusubiri ukungu wa lidokaini. Anahitaji njia ya haraka au kisu cha shingo. Kwa hiyo hata ganzi inapoanza, daktari makini huwa ameshaipapasa shingo, ameweka alama ya wino pale patakapotobolewa, na kisu kimefunguliwa mezani. Ganzi yenyewe inaweza, kwa nadra, kulifanya koo lililobanwa sana libane zaidi. Anayeianza bila kisu pembeni hajajiandaa.

Dawa nayo ina mipaka. Lidokaini hufyonzwa haraka kutoka kooni kuingia kwenye damu. Ikizidi, mgonjwa huanza kuhisi ganzi kuzunguka midomo na masikio kuvuma, kisha hufuata degedege, na mwisho moyo kukosa mpangilio. Mwongozo wa chama cha Uingereza cha Difficult Airway Society, uliotolewa mwaka 2019, umeweka ukomo wa miligramu 9 kwa kila kilo ya uzito wa mwili bila kuhesabu mafuta. Mpulizo mmoja wa dawa ya asilimia 10 hutoa miligramu 10. Mtu ambaye uzito wake huo ni kilo 50 asizidishe miligramu 450, yaani mipulizo 45, na jeli ya puani lazima ihesabiwe humo humo. Kwa kawaida kiasi kinachohitajika ni pungufu ya hapo. Ikitokea dawa imezidi, pamoja na kudhibiti degedege, huchomwa mchanganyiko wa mafuta wa asilimia 20 kwenye mshipa, tiba iliyotokana na utafiti wa Guy Weinberg wa Marekani aliyechapisha majaribio yake ya kwanza mwaka 1998. Ipo dawa nyingine ya kupulizia, benzokaini, ambayo inaweza kuiharibu damu ishindwe kubeba oksijeni. Lidokaini ni salama zaidi kwa kazi hii. Na baada ya ganzi ya koo, mtu ambaye mpira wake umeondolewa mapema hapaswi kula wala kunywa mpaka hisia zirudi, kwa kuwa chakula kinaweza kuingia mapafuni bila yeye kukohoa.

Mtu asidhani kwamba kuipuuza njia hii ni kosa la nchi maskini. Uingereza ilifanya ukaguzi wa kitaifa wa matatizo makubwa ya njia ya hewa katika hospitali zake za umma kwa mwaka mzima, na ripoti yake ilitoka mwaka 2011. Ilikuta wagonjwa ambao dalili zote zilionyesha wangepaswa kupitishiwa mpira wakiwa macho, wakalazwa usingizi, yakatokea madhara. Ilikuta pia kwamba idara za dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi vilikuwa na hatari kubwa kuliko vyumba vya upasuaji, na kwamba kukosekana kwa kipimo cha kabonidioksaidi kulichangia vifo vingi. Nchi yenye vifaa vyote na madaktari bingwa wa usingizi katika kila hospitali kubwa ilijikuta ikijifunza upya.

Kwetu, daktari bingwa wa usingizi ni adimu. Nchi za Afrika Mashariki zina chini ya bingwa mmoja kwa kila watu 100,000, na kazi kubwa inabebwa na wauguzi na matabibu waliosomea usingizi, watu ambao mchango wao hausemwi vya kutosha. Upande wa tiba ya dharura kumekuwa na mwendo mzuri. Idara ya Magonjwa ya Dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021 uliwezesha kujengwa majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi za Tanzania, zikiwamo za wilaya. Majengo sasa yapo. Kinachotakiwa ndani yake, kwa mgonjwa tunayemzungumzia, ni vitu vya bei nafuu: lidokaini ya kupulizia na ya maji ya asilimia 4, jeli yake, atropini, shashi, mashine ya kufyonza, kipimo cha kabonidioksaidi, na watu waliofanya mazoezi. Hata kipulizio kinaweza kutengenezwa hapo hapo: kanula ndogo inaunganishwa na mpira wa oksijeni, dawa inasukumwa polepole kwa sindano, na mkondo wa oksijeni unaigeuza kuwa ukungu. Madaktari wa nchi tajiri hufanya hivyo pia.

Mazoezi ndiyo tatizo kubwa. Mtu hawezi kujifunza kazi hii saa nane usiku mbele ya mgonjwa anayekata roho. Anajifunza kwa mgonjwa aliyepangiwa upasuaji wa taya au tezi la shingo, mchana, mwalimu akiwa pembeni. Hospitali za rufaa zenye kliniki za masikio, pua na koo, na zile za upasuaji wa kinywa, zina wagonjwa wa aina hiyo. Wangeweza kupangwa ili madaktari wa dharura kutoka wilayani wapate kushika kazi hii kwa mikono yao kabla hawajaihitaji.

Nimekitaja kidonge cha shinikizo la damu makusudi, kwa kuwa jambo hilo linamgusa msomaji moja kwa moja. Captopril, enalapril, lisinopril na ndugu zake ambao majina yao huishia na "pril" ni dawa nzuri, zilizotokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili, na mamilioni ya watu wanaishi kwa amani wakizitumia. Huzuia kimeng'enya ambacho, pamoja na kazi zake nyingine, huivunja kemikali ya mwili inayoitwa bradikinini. Kwa watu wachache, chini ya mmoja kati ya mia, kemikali hiyo hulundikana na kuleta uvimbe wa midomo, ulimi au koo. Hatari hiyo ni kubwa mara kadhaa zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Inaweza kutokea juma la kwanza au baada ya miaka mingi ya kutumia dawa bila shida. Sindano za adrenalini na za mzio mara nyingi haziupunguzi uvimbe huu, na hapo ndipo ganzi ya koo na mpira wa puani vinapokuwa tegemeo.

Usiache dawa yako kwa sababu ya makala haya. Shinikizo lisilotibiwa linaua watu wengi zaidi. Lakini mdomo au ulimi ukivimba hata kidogo wakati unatumia mojawapo ya dawa hizo, usimeze kidonge kingine, nenda hospitali saa hiyo hiyo ukiwa na pakiti yake mkononi, hata kama uvimbe unaonekana kupungua. Fanya vivyo hivyo kama jino limeleta uvimbe chini ya taya na kumeza kumekuwa kugumu, au kama umenusurika moto na sauti imeanza kukwaruza, maana uvimbe wa koo lililoungua huendelea kukua kwa saa nyingi baada ya moto kuzimwa. Unayempeleka mgonjwa wa namna hiyo, mwache akae anavyotaka, usimlaze kwenye kiti cha gari, usimpe maji. Kila saa unayowahi ni muda unaompa daktari wa kutumia ganzi badala ya kisu. Na kama umewahi kuambiwa baada ya upasuaji kwamba njia yako ya hewa ilikuwa ngumu, omba jambo hilo liandikwe kwenye karatasi, itunze karatasi hiyo pamoja na kadi yako ya bima, na umwonyeshe kila daktari atakayetaka kukulaza usingizi.